Mpunga wa Kunukia na Hazina Iliyomo Katika Mbegu za Wakulima

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza kutoka Florida, Marekani, vipukizi 1,000 vya mkonge. Safari ilikuwa ndefu, ikipitia Hamburg, na vipukizi vingi vilikufa njiani. Vilivyosalia hai katika pwani ya Tanga vilikuwa 62 tu, navyo vikapandwa katika shamba la Kikogwe, kusini ya mlango wa mto Pangani, jirani na Mwera. Kutokana na mimea hiyo 62 yalienea mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika kuwa nchi iliyoongoza duniani kwa zao la mkonge.

Mkonge huzaliana kwa mbegu kwa nadra sana. Kipukizi kinapopandwa hutoa mmea ambao kwa urithi ni nakala ya mama yake. Kwa hiyo mamilioni ya mikonge iliyopangwa kwa mistari kutoka Pangani hadi Korogwe ilikuwa, kwa hesabu ya elimu ya urithi, mimea michache iliyorudiwarudiwa. Wataalamu wa kituo cha Mlingano walipotaka mkonge ulio bora zaidi hawakuweza kuutafuta ndani ya mkonge wenyewe. Iliwabidi waende kwa jamaa zake wengine, Agave amaniensis na Agave angustifolia, na kwa kuwachanganya wakapata mmea chotara mashuhuri uitwao namba 11648. Mmea huo hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Lakini nao ukaja kupatwa na ugonjwa wa michirizi, kama ya ngozi ya pundamilia, unaoozesha majani.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Pangani, kwenye mabonde yanayotuamisha maji wakati wa masika, hulimwa zao lenye historia iliyo kinyume kabisa na ya mkonge. Mpunga haukuletwa na mtu mmoja, wala kwa mzigo mmoja. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata punje zake zilizoungua katika magofu ya Unguja Ukuu, pamoja na masalia mengine ya mimea ya Bara Asia, katika tabaka za zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Huko Pemba, katika kijiji cha kale cha Tumbe, chakula kikuu kilikuwa uwele; lakini katika mji wa Chwaka uliofuata baadaye, baina ya karne ya 11 na ya 15, mpunga umekwisha kushika nafasi ya kwanza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli. Kwa muda wote huo vyombo vilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, na katika vyombo hivyo mbegu ilipanda na kushuka kama abiria wengine.

Matokeo yake yanaonekana katika majina. Supa, Afaa, Kahogo, Sindano, Kalamata, Faya Dume, Rangimbili, Shingo ya Mwali, Moshi wa Sigara, Tule na Bwana: haya ni baadhi tu ya majina ya mipunga ya kienyeji yanayotajwa mahali mbalimbali nchini Tanzania. Jina la namna hiyo mara nyingi ni maelezo mafupi. Sindano hueleza umbo la punje. Rangimbili hueleza ganda. Tule na Bwana, kwa kadiri mtu awezavyo kukisia, hueleza thamani ya wali wenyewe mezani. Hata hivyo jina si cheti cha ukoo. Mbegu moja yaweza kuitwa majina matatu katika wilaya tatu, na jina moja likabeba mbegu tatu zisizohusiana kwa karibu. Kwa sababu hiyo mtafiti anayehesabu majina peke yake hujidanganya kwa pande zote mbili.

Inafaa kueleza kwanza jinsi mpunga unavyozaa, maana hoja nyingine zote zimejengwa juu ya jambo hili. Ua la mpunga hujichavusha lenyewe. Chavua hutoka na kuangukia ndani ya ua lile lile, na kwa kawaida maua yanayopokea chavua ya jirani hayafiki hata 1 katika kila 100. Kwa hiyo kila mmea huzaa watoto wanaofanana nao mno. Mkulima anapochagua masuke mazuri na kuyahifadhi juu ya moshi wa jiko, huwa anahifadhi koo nyingi safi zilizokaa pamoja katika kanda moja. Zote huitwa Supa, zote hupikwa chungu kimoja, lakini moja imewahi kukomaa kwa siku kadhaa, nyingine ina mizizi mirefu zaidi, na nyingine ina ndevu kwenye ganda, jambo linalompunguzia kazi yule anayeamia ndege juu ya dungu. Na zile chavua chache zinazovuka mpaka, msimu baada ya msimu, huzaa michanganyiko mipya ambayo mkulima huikubali au kuing'oa. Kazi hii, ambayo katika sehemu nyingi za pwani imekuwa mikononi mwa wanawake, ni uzalishaji wa mbegu kwa maana kamili ya neno hilo, ingawa haikuandikwa katika daftari la maabara.

Katika mipunga hii yote, ile ya kunukia ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayouzwa kwa bei ya juu. Harufu hiyo ni nini? Mapema katika miaka ya 1980, Buttery na wenzake katika maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani, huko California, walichemsha mchele, wakakusanya mvuke wake, na kuutenga mvuke huo katika viungo vyake kimoja kimoja. Harufu ile waliipata katika kiungo kimoja: 2-asetili-1-pirolini. Kiungo hiki ndicho kinachotoa pia harufu ya bisi za mahindi na ya ganda la mkate uliotoka jikoni. Pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa sehemu 1 tu katika sehemu bilioni 10 za maji. Mchele wa kunukia una takriban sehemu 4 hadi 9 katika sehemu milioni 100. Mchele wa kawaida unacho pia, lakini kwa kiasi kidogo mara kumi au zaidi.

Miaka 20 na kitu ilipita kabla ya kujulikana kwa nini mpunga mmoja unacho kwa wingi na mwingine hauna. Mwaka 2005 Bradbury na wenzake nchini Australia walitangaza ya kwamba tofauti hiyo imo katika jeni moja, iitwayo BADH2, iliyoko kwenye kromosomu ya 8 kati ya kromosomu 12 za mpunga. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mpunga wa kunukia haukuongezewa kitu, umepungukiwa. Katika maandishi ya DNA ya jeni hiyo zimepotea herufi 8, na kwa upotevu huo sentensi nzima hukatika kabla ya kwisha. Kimeng'enya ambacho jeni hiyo ingekitengeneza hakitengenezwi. Kazi ya kimeng'enya hicho katika mpunga wa kawaida ni kuchukua aldehaidi fulani na kuigeuza kuwa kitu kingine kisicho na harufu. Kinapokosekana, aldehaidi hiyo hurundikana, na sehemu yake hugeuka kuwa 2-asetili-1-pirolini. Ni kama mfereji uliozibwa: maji yaliyokuwa yakienda shambani yamefurika na kupita mahali pengine, na huko yamekuta pua zetu.

Kutokana na hayo yafuata mambo mawili. La kwanza ni kwamba sifa ya kunukia ni sifa fiche. Mmea wenye nakala moja nzima ya jeni na moja iliyokatika haunukii, kwa kuwa nakala nzima inatosha kufanya kazi. Ni lazima nakala zote mbili ziwe zimekatika. Kiasi cha harufu hutegemea pia udongo, ubaridi wakati punje zinapojaa, na muda ambao mchele umekaa ghalani. Mfanyabiashara anayesema ya kwamba mchele wa bonde fulani hunukia kuliko wa bonde la pili, hali mbegu ni ile ile, si lazima awe anajisifia mali yake tu.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2009 Kovach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walilinganisha mipunga ya kunukia ya nchi nyingi, wakaona ya kwamba mingi mno, tangu Basmati ya India na Pakistani hadi ile ya Thailand, ina upotevu ule ule wa herufi 8. Ajali moja ya kale ilipendwa na wakulima, ikapitishwa kutoka ukoo hadi ukoo kwa michanganyiko. Lakini koo zenyewe ziko mbalimbali. Tangu mwaka 1987 Glaszmann alikuwa amekwisha kuonyesha ya kwamba Basmati si tawi la mpunga wa indica, ijapokuwa punje zake ni ndefu na huota miongoni mwa mipunga hiyo. Ni kundi la peke yake, lililo karibu zaidi na mpunga wa japonica. Mipunga miwili yaweza basi kunukia sawasawa, huku katika mambo mengine yote ikiwa ni kama watu wa makabila mawili waliovaa marashi ya aina moja. Anayetaka kuzalisha mpunga bora wa kunukia hatapata shida kubwa kuipata harufu. Shida yake ni hayo mambo mengine yote.

Katika pwani ya Pangani, jambo la kwanza miongoni mwa hayo ni chumvi. Mto Pangani huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na njiani maji yake huzuiwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, huzungusha mitambo ya umeme, na kunywesha mashamba mengi. Maji yanayobaki yanapokuwa machache wakati wa kiangazi, bahari hupanda mtoni, na mashamba ya kando ya mto hupata maji ya chumvi. Mpunga ni miongoni mwa nafaka dhaifu kabisa mbele ya chumvi, hasa unapokuwa mche na unapotoa maua.

Hapo ndipo jeni ya harufu inapodai malipo yake. Kimeng'enya kile kilichokosekana hakikuwekwa na maumbile bure. Mwaka 2010 Fitzgerald na wenzake nchini Australia walieleza matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kuinywesha mipunga maji yenye chumvi kidogo: ile ya kunukia ilitoa punje zilizokomaa chache kuliko ile isiyonukia. Wakati huo huo imeonekana katika majaribio mengine ya kwamba taabu ya chumvi huongeza kiasi cha harufu katika punje. Mkulima aliye karibu na mlango wa mto aweza basi kuvuna mchele unaonukia vizuri sana, lakini nusu kanda.

Je, mpunga wa kunukia na chumvi haviwezi kukaa pamoja? Vyaweza, na ushahidi uko ng'ambo ya bahari ile ile. Katika pwani ya Kerala, India, hulimwa tangu zamani mpunga uitwao Pokkali, katika mashamba ambayo msimu mmoja huwa ya mpunga na msimu mwingine hujaa maji ya bahari na kufugiwa kamba. Kutokana na Pokkali wataalamu walitambua sehemu ya kromosomu ya 1, waliyoiita Saltol, inayousaidia mche kuzuia chumvi isijae katika majani. Na katika jimbo la Haryana, kituo cha Karnal kinachoshughulikia udongo wa chumvi kilitoa mwaka 2001 mpunga wa CSR30, ambao ni Basmati inayostahimili chumvi. Haukupatikana kwa kuirekebisha Basmati ndani kwa ndani. Ulipatikana kwa kuichanganya na mpunga mwingine uliokwisha kuizoea chumvi. Pokkali yenyewe, kama ingelipotea kabla ya kuchunguzwa, hakuna maabara ambayo ingejua ni nini cha kuitafutia.

Mfano wa pili umetoka karibu zaidi, nao unahusu ugonjwa ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita kimyanga. Majani hugeuka manjano yenye mabaka, mmea hudumaa, na masuke hutoka matupu. Husababishwa na kirusi kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 nchini Kenya, karibu na Kisumu, na ambacho huenezwa na mbawakavu, na pia kwa mikono na zana za kazi. Kirusi hiki hakikuja na mpunga kutoka Asia. Ni mwenyeji wa Afrika, na uchunguzi wa koo zake umeonyesha ya kwamba Afrika Mashariki ndiko kwenye aina nyingi na za kale zaidi. Supa, mpendwa wa walaji, ni dhaifu mbele yake.

Kinga kamili ilipatikana katika mpunga uitwao Gigante, mbegu ya wakulima wa Msumbiji. Mwaka 2006 Albar na wenzake walieleza ya kwamba kinga hiyo imetokana na badiliko dogo katika jeni moja ya kromosomu ya 4: kirusi huhitaji kujishikiza kwenye protini fulani ya mpunga ili kizaliane, na katika Gigante protini hiyo imebadilika umbo kiasi cha kutoshikika. Badiliko la asidi amino moja tu, katika shamba la mkulima asiyejulikana.

Sifa hiyo nayo, kama harufu, ni fiche. Tuseme mzalishaji amechanganya Supa na Gigante. Watoto wa kwanza hawatanukia wala hawatakuwa na kinga. Wajukuu ndio watakaogawanyika: kwa kuwa jeni hizo mbili ziko katika kromosomu tofauti, ni mmea 1 tu katika kila 16 utakaokuwa na yote mawili. Nao utakuwa bado umechanganyika na mambo mengi ya Gigante ambayo mlaji wa wali hayataki. Ndipo huanza kazi ya kumrudisha mzao kwa Supa, tena na tena: sehemu ya Gigante hushuka kutoka nusu hadi robo, hadi thumni, na baada ya marudio sita huwa chini ya asilimia 1. Zamani kila rudio lilihitaji kizazi cha ziada cha kuziacha sifa fiche zijitokeze, kisha watu wa kuonja na kunusa. Tangu mwaka 1978 palikuwa na njia ya kulowesha majani yaliyokatwakatwa katika maji ya potasi na kuyanusa baada ya dakika 10. Njia rahisi, ila pua huchoka haraka. Sasa kipande kidogo cha jani la mche hutosha kuzisoma herufi zenyewe za DNA, na mche usiofaa hung'olewa kabla haujapandikizwa.

Hapana budi kuongeza ya kwamba kirusi nacho hakilali. Aina zake nyingine zimekwisha kujifunza kuivunja kinga ya Gigante, na wataalamu wametafuta kinga za namna nyingine katika mpunga wa asili ya Afrika, Oryza glaberrima. Vilevile katika mabwawa na mitaro ya Tanzania huota mpunga pori, Oryza longistaminata, ambao mkulima huulaani kwa sababu ya mizizi yake isiyokwisha. Kutoka kwa mpunga pori wa jamii hiyo, uliochukuliwa Mali, ilipatikana jeni ya Xa21 inayopinga ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, na ambayo ilitengwa mwaka 1995.

Wakati kazi hizi zinaendelea, mbegu katika makanda zinabadilika. Katika mpango wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987, ulipandwa mpunga wa IR54 kutoka Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya Ufilipino. Mavuno yalizidi tani 6 kwa hekta. Wakulima walishiba na kuuza, lakini wali wake haukunukia, na mlaji wa Kitanzania hakuacha kuulizia mchele wake. Jibu la watafiti wa Tanzania lilikuwa TXD 306, uliotolewa mwaka 2002 na kupewa jina la SARO 5, kwa maana ya mpunga wenye harufu ya wastani. Ni kazi ya kujivunia: mavuno makubwa, kimo kifupi kisichoangushwa na upepo, na wali unaokubalika. Umeenea sana katika maeneo ya umwagiliaji, na umestahili kuenea. Lakini ubora wake ndio unaotia wasiwasi, kwa kuwa mkulima anapoupata humaliza kanda la mbegu ya zamani kwa kulipika. Hakuna anayeweza kumlaumu. Mbegu ya mpunga iliyohifadhiwa nyumbani, katika joto na unyevu wa pwani, haikai muda mrefu. Misimu michache isipopandwa, hufa.

Katika ghala la mbegu, punje zilizokaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huishi makumi ya miaka. Tanzania inayo hifadhi yake ya taifa ya nasaba za mimea mkoani Arusha. Nchi za kusini mwa Afrika zina hifadhi ya pamoja Lusaka. Na ghala la Ufilipino lina zaidi ya aina 130,000 za mpunga. Mwaka 2018 ilitangazwa DNA nzima ya mipunga 3,010 kutoka nchi 89, na mtafiti yeyote aweza kuisoma. Manufaa yake ni makubwa. Upungufu wake ni kwamba DNA haielezi ni nani aliupanda mpunga huo, katika bonde lipi, na kwa nini aliupendelea kuliko wa jirani yake.

Suala la haki nalo lipo. Mwaka 1997 kampuni ya RiceTec ya Texas ilipewa hataza nchini Marekani juu ya mipunga na punje za Basmati. India ilipinga, na sehemu kubwa ya madai ya kampuni hiyo ikaondolewa au kufutwa. Kilichoisaidia India ni kwamba Basmati zake zilikuwa zimekwisha kukusanywa, kupimwa na kuandikwa. Mpunga wa bondeni Pangani ambao haumo katika daftari lolote hauna ushahidi wa namna hiyo.

Ukusanyaji wenyewe hauhitaji mitambo. Mkusanyaji hufika wakati wa mavuno ya masika, mpunga ukiwa bado umesimama. Huchukua masuke kutoka mimea kati ya 50 na 100 iliyotawanyika shambani, bila ya kuchagua yale mazuri tu, kwa sababu koo za nadra hufichama katika mimea isiyopendeza. Kila suke huwekwa mfuko wake. Hupima chumvi ya maji ya jaruba siku hiyo hiyo, na huandika jina la mbegu kama linavyotamkwa hapo, si kama lilivyoandikwa katika orodha ya mkoa. Kisha humwuliza mwenye shamba mambo ambayo yeye peke yake anayajua: mbegu aliipata kwa nani na mwaka gani, ilivumiliaje mwaka ambao maji ya chumvi yalifika hadi mpaka wa shamba, wali wake ukilala hukauka au hubaki laini, na ni ipi aliyokuwa akipanda mama yake ambayo sasa haionekani. Katika Mwera na vijiji vya jirani wapo bado wanawake wazee wanaoweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa kutaja jina, na wengine kwa kuonyesha suke.